Narudisha Sinia Lenu

Wiki iliyopita, shule zilipofungwa, nilimpeleka binti yangu Bagamoyo kwa mama yangu mdogo. Hatujamaliza hata kuvua viatu mlangoni, mtoto akaanza kulalamika. Mwalimu wao wa Kiingereza amewapa kazi ya likizo: wachukue neno moja tu, "cover", watafute maana zake zote na wazitie Kiswahili. Yeye alikuwa ameanza tangu tunapita Kerege. Kufunika chungu. Jalada la kitabu. Foronya ya mto. Bima ya gari. Kuficha jambo lisijulikane. Kumlinda mwenzako asidhurike. Kila maana ilitaka neno lake, na kila alipopata neno jipya alizidi kununa.

"Mama, wenzetu wana neno moja, sisi tunahangaika na maneno kumi. Kiswahili hakina neno moja la kazi zote hizi?"

Mama mdogo alikuwa bado ameshika mlango. Siku hizi nywele zake nyeupe ni nyingi kuliko nyeusi, lakini kicheko chake ni kilekile.

"Lipo," akasema. "Muulize mama yako habari za sitara. Kwa neno hilohilo alitaka kunizika mzimamzima."

Binti yangu akanitazama kama aliyeletewa mama mpya. Basi nikamsimulia. Nilipokwisha nikaona nikusimulie na wewe, maana nyumba ninayoisema, hata ukisimama mbele yake leo, hutaiona.

Utakachokuta sasa ni ukuta wa matofali uliopakwa rangi ya maziwa, juu umepandwa vipande vya chupa, na geti la chuma lenye kitundu cha kuchungulia. Wakati ule niko darasa la pili, mama yangu anafanya kazi Dar, na mimi nalelewa na bibi, palikuwa na ua wa makuti. Makuti ya ua tunayaita makumba. Unalipasua kuti la mnazi katikati kwenye uti wake, kisha kila nusu unaisuka majani yake yapishane mpaka litoke jamvi moja refu. Unayafunga kwenye fito, fito unazifunga kwenye nguzo, na nyumba inakuwa imevaa. Ndivyo bibi alivyosema. "Nyumba isiyo na ua ni mtu aliyetoka bafuni bila kanga."

Nyuma ya ua huo ndiko maisha yalikokuwa. Asubuhi jua lilipenya kwenye makumba na kutuchorea mistari miguuni, nami nilifagia kwa fagio la chelewa nikiifuata mistari hiyo, ingawa vumbi halikuwa na habari nayo. Jiko lilikuwa mafiga matatu pembeni. Mchana ilisikika mbuzi ya nazi, kwaru kwaru kwaru, halafu tui likichujwa, halafu kimya cha chakula kinachoiva. Samaki wa kupaka akiwa motoni, paka wa mtaa mzima walijipanga chini ya ua wakiingiza pua tu. Bibi aliwaacha. Alisema pua haina adabu, lakini haiibi.

Na neno sitiri halikupita siku bila kutoka kinywani mwake. Nikikaa vibaya, "Jisitiri, mwanamke we." Mvua ikitukuta njiani, "Tujisitiri hapa barazani kwa watu ipite." Mtu akimletea kibaba cha mchele siku asiyo na kitu, "Umenisitiri, na Mungu akusitiri." Mtu akileta habari za aibu za jirani, bibi alimnyamazisha kabla hajafika katikati: "Funika kombe mwanaharamu apite." Sikulijua kombe wala mwanaharamu, lakini nilijua kwamba hapo umbeya umefika mwisho.

Kazi yangu kubwa ilikuwa kupeleka sinia. Nyuma yetu aliishi jirani mmoja, mke wa mchuuzi wa samaki, mama wa watoto waliofuatana kama ngazi. Bahari ikichafuka, mumewe hana cha kuuza, na jiko lao halitoi moshi. Bibi hakuuliza. Alitazama juu ya ua wao, asipoona moshi mpaka jua linakuwa kali, alipakua wali na mchuzi kwenye sinia, akaufunika kwa kawa. Kawa, kama hulijui, ni kifuniko cha ukili kilichosukwa kama pia iliyogeuzwa, chenye mistari ya rangi, kipana hadi kufunika chakula chote. Kisha akanipa maagizo yaleyale.

"Ukifika mlangoni, piga hodi kwa sauti. Useme, 'Narudisha sinia lenu, bibi anashukuru sana.' Umesikia?"

"Bibi, lakini sinia ni letu."

"Nimekuambia useme nini?"

Nami nilisema, kwa sauti, mtaa mzima usikie. Jirani alitoka akijifunga kanga upya, akapokea sinia zito kwa mikono miwili, naye akajibu kwa sauti kama yangu: "Mbona mmeharakisha! Si mngekaa nalo tu!" Mpita njia aliona mtoto anarudisha chombo cha watu. Basi. Siku ya pili sinia lilirudi kwetu limeoshwa, na ndani yake kuna chochote, ndimu mbili au bamia za kushika mkononi, kwa sababu chombo hakirudi kitupu. Niliifanya kazi hiyo muda mrefu bila kuelewa kwa nini tunadanganya kwa makelele namna ile. Nilidhani ni mchezo wa watu wazima.

Mwaka huo, kabla ya mvua, mzee mmoja wa mtaani alifariki. Ilikuwa Ijumaa. Wanaume walitoka msikitini wakabeba jeneza, na bibi akaniambia kwa sauti ya chini, "Wanakwenda kumsitiri." Nikauliza, kumsitiri ndiyo kufanya nini. Akasema, "Kumzika, mjukuu wangu. Udongo ni sitara ya mwisho." Hilo ndilo nililoshika. Maana nyingine zote nilikuwa nazitumia bila kuziwazia. Hii niliiwazia mpaka usingizini.

Halafu masika ikaja. Ilikuwa masika ya upepo, na ua wetu ulikuwa umechoka, makumba yameoza kwa chini. Asubuhi moja tuliamka tukakuta upande wa barabarani umelala chini wote kama mtu aliyezimia. Kuku wakatoka kwenda kutembea. Na sisi tukaonekana.

Hapo ndipo nikuambie habari za mama mdogo. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na mtihani umemwangusha. Hakulia mbele ya watu. Alitaka kurudia mtihani peke yake, na jirani yetu wa ng'ambo, mwalimu wa kike wa shule ya msingi, alikuwa akija jioni kumsomesha. Walikaa uani kwenye mkeka, vitabu katikati. Ua ukiwa umesimama, hakuna aliyejua. Ua ulipoanguka, wapita njia wakaanza kusimama.

"Binti, kitabu hicho kitakupikia?" mwanamke mmoja alimwuliza, kikapu kichwani.

"Hakipiki, shangazi," mama mdogo akajibu bila kuinua uso, "lakini hakiniamshi alfajiri nikichemshie chai."

Watu walicheka, na wakaenda nalo. Kufika sokoni neno hilo lilikuwa limeota miguu minne: binti wa pale haolewi, binti wa pale anawadharau wanaume, binti wa pale anakaa uani hana kazi, wenzake wana watoto yeye ana madaftari.

Likafika kijijini Fukayosi, kwa kaka yake bibi, mkubwa wa ukoo. Akaja kwa baiskeli, suruali imebanwa kwa kamba kifundoni. Nilimpokea baiskeli. "Shikamoo babu." "Marahaba." Hakusubiri hata maji. Aliruka makumba yaliyolala, akaingia moja kwa moja uani.

"Mdogo wangu," akamwambia bibi, "nyumba wazi, binti wazi. Nimesikia habari za nyumba yako nikiwa bado shambani. Yupo mtu, ana duka lake, ana heshima zake, mke wake wa kwanza ameridhia. Tumsitiri huyu mtoto kabla maneno hayajazidi."

Bibi alikuwa akichambua mchele. Aliendelea kuchambua. Jioni hiyo nilimsikia jikoni akimwambia mama mdogo, na sauti yake haikuwa ile ninayoijua. "Mwanangu, mimi sina nguvu ya kupigana na midomo ya mji mzima."

"Mama, nipe mtihani mmoja tu. Nikianguka tena, nitakwenda mnakotaka."

Bibi hakujibu. Nawe unajua, mzazi wa pwani asipojibu, jibu limekwisha toka.

Babu akalala kwetu. Asubuhi yake nilikuwa nyuma ya mlango nikitafuta kiatu, nikamsikia akimwambia bibi, "Basi tusichelewe. Ijumaa, baada ya swala, asitiriwe."

Kiatu kilinidondoka mkononi. Ijumaa. Baada ya swala. Asitiriwe. Nilimwona yule mzee wa mtaani, nikaliona jeneza, nikauona udongo. Na mama mdogo yuko uani anakuna nazi, hajui.

Nilikimbia mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna. Nilikuwa nakwenda kwa mwalimu, kwa kuwa mwalimu alikuwa mtu pekee ninayemjua aliyeweza kubishana na watu wazima. Lakini njiani nikamkuta yule jirani wa sinia, ana ndoo. Akanishika bega.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Mama mdogo," nikasema, pumzi haitoshi, "mama mdogo anazikwa Ijumaa!"

Ndoo ikaanguka. Jirani akashika kichwa. "Uwii! Binti wa watu jamani! Si jana tu kanisalimia!" Na kilio cha mwanamke wa pwani hakihitaji kipaza sauti. Milango ikafunguka. Wanawake wakajitanda kanga wakatoka, mmoja na mkeka kwapani, mmoja amebeba chetezo na ubani, mwingine ana unga mikononi mpaka kwenye viwiko. Mwalimu naye akatoka, chaki kwenye kidole. Na kwa kuwa ua ulikuwa chini, hakuna aliyepiga hodi. Waliingia wote kwa mara moja, wanalia.

Mama mdogo alikuwa ameketi juu ya mbuzi, nusu ya nazi mkononi.

"Nani kafa?" akauliza, amesimama.

Jirani akamnyooshea kidole, machozi yanamtiririka. "Wewe!"

"Mimi?" Akaitazama nazi. "Na hii anakuna nani?"

Mtu mmoja akaanza kucheka, halafu wote, kicheko kile cha mtu aliyeponea chupuchupu, mwingine akaketi chini kabisa. Babu peke yake hakucheka. "Huyu mtoto kalishwa nini?" akafoka. Bibi akaniita. Aliniketisha mbele yake, akanifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Nani kakuambia mama yako mdogo anazikwa?"

"Babu."

"Mimi!"

"Umesema atasitiriwa Ijumaa baada ya swala," nikamwambia. "Na yule mzee alisitiriwa Ijumaa baada ya swala. Bibi kasema kusitiriwa ni kuzikwa."

Nilingoja wacheke tena. Hawakucheka. Wanawake walitazamana. Mwalimu alifuta chaki kwenye gauni lake. Mama mdogo alirudi akaketi juu ya mbuzi, akashika nazi yake.

"Mtoto hajakosea, mama," akasema. Basi. Akaendelea kukuna, kwaru kwaru.

Nimemkumbuka bibi katika hali nyingi, lakini ile ya siku hiyo ndiyo iliyonikaa. Alitazama ua ulioanguka, kwa muda mrefu, kama anayeupima kwa macho. Kisha akamgeukia kaka yake.

"Kaka, nieleze, unaogopa nini hasa?"

"Macho ya watu. Wewe huyaogopi?"

"Nayaogopa sana," akasema bibi. "Lakini dawa ya macho ya watu ni makuti. Siyo ndoa."

"Makuti! Atasuka nani? Wewe, na mgongo huo?"

"Mimi, na mgongo huuhuu."

Babu alifungua kamba ya suruali akaifunga tena, tabia yake akikasirika. "Haya. Mpunga ukishavunwa narudi na wenye posa. Nikikuta nyumba hii bado wazi, nisisikie neno."

"Ukiikuta wazi," bibi akajibu, "sina neno."

Wote mle uani walisikia. Lilikuwa agano.

Kuanzia hapo bibi aliamka na swala ya alfajiri na hakulala tena. Kulikuwa na Mwarabu mwenye shamba la minazi nje ya mji, akaturuhusu kuokota makuti yaliyoanguka, na tuliyaburuta mimi na yeye barabarani yakituchorea mchanga nyuma. Makuti makavu huvunjika, lazima uyaloweke kwanza, kwa hiyo tuliyatumbukiza kwenye kidimbwi nyuma ya nyumba. Mpaka leo nikinusa maji yaliyolala na majani, vidole vyangu vinataka kusuka. Alinifundisha: jani la juu linapita chini, la chini linapita juu, ukivuta sana linakatika, ukilegeza upepo unaliingilia. Viganja vyangu vilichanika, akavipaka mafuta ya nazi, tukaendelea.

Mama mdogo alitaka kusaidia. Alitupa kitabu akaketi kwenye makuti. Bibi alimwondoa kama anavyoondolewa kuku mezani.

"Rudi kwenye kitabu chako. Mimi nasuka hili, wewe suka hilo."

"Mama, utaumia."

"Nikiumia na wewe hujasoma, si nimeumia bure?"

Hivyo kila jioni uani kulikuwa na kazi mbili. Huku makuti yanapiga chakacha chakacha, kule mama mdogo anasoma kwa sauti habari za moyo, vyumba vyake na mishipa yake, mwalimu anamsahihisha. Nilijua moyo una vyumba vinne kabla sijajua kuzidisha kwa nne. Wapita njia waliendelea kusimama. Bibi aliwasalimu wote, habari za kwako, habari za watoto, bila kuinua mikono kwenye kumba.

Upande wa barabarani ukafungwa. Ukabaki wa uchochoroni, ambao nao ulianguka kwa mvua za mwisho, na hapo ndipo mgongo wa bibi ulipokataa. Siku moja aliinama, akashindwa kuinuka. Tulimlaza kwenye mkeka. Alisuka akiwa amelala ubavu, kumba moja kwa siku nzima, na la mwisho lilikuwa limepinda, akalifumua. Kisha mtu aliyetoka sokoni akaleta salamu: mpunga wa Fukayosi umeingia ghalani, kaka yako anakuja kesho kutwa na wageni. Mama mdogo alifunga kitabu. Nilimwona anakiweka juu ya kabati, mahali tunapoweka vitu ambavyo havitumiki.

Asubuhi ya pili yake tukasikia hodi kwa sauti ya kupasua mtaa.

"Hodi wenyewe! Narudisha makuti yenu! Ahsanteni sana!"

Alikuwa yule jirani wa sinia. Kichwani amebeba makumba mapya, yamekunjwa, yamefunikwa kanga, na nyuma yake watoto wake wamefuatana kama ngazi, kila mmoja na kumba lake. Bibi hakuwahi kumwazima mtu makuti. Hakuwa nayo ya kuazimisha. Alijiinua kwenye mkeka kwa kiwiko, akasema kwa nguvu zote alizokuwa nazo:

"Mbona mmeharakisha! Si mngekaa nayo tu!"

Nyuma yao akaja mwenye ubani. "Narudisha makuti yenu!" Akaja yule wa unga. "Narudisha makuti yenu, mnisamehe nimechelewa!" Hata yule aliyeuliza kama kitabu kitapika alikuja, hakusema chochote, akaweka makumba mawili chini na kuondoka, na ninavyomjua, kule kunyamaza kulimgharimu. Mume wa jirani akachimba mashimo ya nguzo. Siku ile ndipo nilipoelewa sinia. Sikuelezwa na mtu. Nilisimama nimeshika kamba za kufungia, nikaelewa.

Babu alipokuja na wenye posa, wanaume wawili wa kanzu safi, aliegesha baiskeli akatembea mpaka pale alipozoea kupita. Akagota makuti. Tulimsikia akikohoa. Tulimsikia akitembea huku na huku akitafuta mlango. Bibi ameketi ndani, ameweka kidole mdomoni, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

"Hodi," akasema babu.

"Karibu, kaka. Subirini hapo kidogo, tujisitiri."

Sote tulikuwa tumevaa vizuri kabisa. Aliwaacha wasimame, mkubwa wa ukoo na wageni wake, mpaka akaridhika. Walipoingia wakapewa kahawa na kashata. Babu hakunywa kwanza. Alikwenda kwenye ua, akaushika, akauvuta kwa nguvu, ukamkatalia.

"Umesuka wewe yote haya?"

"Mengine nimerudishiwa," bibi akasema.

Alikuwa mtu mgumu, lakini hakuwa mtu wa kuvunja kauli. Alikunywa kahawa yake, akawageukia wageni akasema binti bado yuko masomoni, akawaongoza kutoka. Mlangoni alifunga vizuri kamba ya suruali. Mama mdogo akaenda kabatini akashusha kitabu.

Mtihani aliufanya. Hakupata yote aliyotaka, lakini yalitosha kumfikisha chuo cha uuguzi, na huko akasomea ukunga. Aliolewa baadaye, na mtu wake mwenyewe. Siku ya harusi babu, mzee sana sasa, alisema kwa furaha, "Alhamdulillahi, tumemsitiri." Bibi akamgusa bega. "Huyu alishasitirika zamani, kaka. Leo anaolewa tu."

Ua ule ulisukwa upya mara nyingi. Bibi alipokwisha kusitiriwa, kwa maana ile niliyoishika kwanza, mikono ya kusuka ikapungua. Makuti yakawa shida kupatikana, minazi mingi imekatwa kupisha nyumba, na wezi wakawa na visu. Mama mdogo akajenga ukuta. Simlaumu. Wanaolala ndani ni salama. Ila ukuta hauonyeshi moshi, na majiko ya gesi hayana moshi wa kuonyesha. Jirani anaweza kukaa na njaa mita chache kutoka sahani yako, nawe unajua rangi ya geti lake tu. Ukuta unaficha. Kuficha ni kazi ya mtu kwa ajili yake mwenyewe, na hata mwizi anaiweza. Kusitiri hufanyiwa mwenzako, na kunataka umjue kwanza.

Binti yangu alisikiliza mpaka mwisho, kalamu mkononi, hajaandika kitu. Mama mdogo alikuwa jikoni. Akarudi ameshika sinia, na humo mna wali wa nazi, samaki, na bakuli la uji wa pilipili manga, ule anaopewa mwanamke aliyejifungua. Akanyoosha mkono ukutani sebuleni, akateremsha kawa la bibi, rangi zimefifia, limetundikwa pale miaka kama pambo. Akalipuliza vumbi, akalipangusa, akafunika.

"Geti la bluu," akamwambia binti yangu. "Kuna binti amejifungua, nilimzalisha mimi. Mumewe yuko safarini, na yeye mwenyewe haongei na mtu. Unajua cha kusema?"

Akaenda. Tulisimama kwenye kitundu cha geti letu tukisikiliza. Aligonga. Sauti yake ilitoka nyembamba: "Hodi. Narudisha sinia lenu."

"Sinia?" ikajibu sauti ya kike, nzito kwa usingizi. "Sinia gani? Sisi hatuna sinia. Umekosea nyumba, mtoto."

Alirudi taratibu, macho chini, uji umemwagika kidogo kwenye kidole. Nilinyoosha mikono nimpokee. Mama mdogo akanizuia. Aliinama, akalinyoosha kawa lililokaa upande, akamgeuza mtoto kwa mabega kuelekea alikotoka.

"Rudi. Sema tena, na sauti ipande, mtaa usikie. Akikuambia hana sinia, mwambie sasa analo."

Akaenda. Safari hii alipiga hodi mpaka mbwa wa mtaa wa tatu wakaitikia. Kisha tukasikia komeo la geti la bluu likivutwa.